Al-Jazari: Fundi Aliyepigisha Ngoma kwa Maji na Vigingi



Wengi wetu tunaosoma hapa Masoro tumewahi kuiona skrini ya namna hii kwenye kompyuta ya mwenzetu: vikasha vidogo vimepangwa, kila kimoja kina kazi yake, na mistari inaviunganisha. Kikasha cha juu kinahesabu muda. Hesabu ikitimia, kinatuma ishara chini. Kinachofuata kinachagua pigo. Cha mwisho kinalitoa kwenye spika. Anayepiga hana haja ya kusimamisha muziki ili abadilishe kitu. Anauchomoa mstari huku, anauchomeka kule, na mdundo unageuka watu wakiwa wamekaa wanamsikiliza. Hakuna msimbo mrefu wa kuandika. Mchoro wenyewe ndio programu.

Programu mbili zinazotajwa sana katika kazi hii ni Max na Pure Data. Max ilianza mjini Paris katika miaka ya 1980, kwenye taasisi ya utafiti wa muziki iitwayo IRCAM, kwa mikono ya Mmarekani Miller Puckette. Jina lake ni la heshima kwa Max Mathews, ambaye mwaka 1957 aliandika programu ya kuifanya kompyuta itoe sauti za muziki. Katika miaka ya 1990 Puckette aliandika Pure Data na kuiacha wazi, kila mtu aichukue bure.

Mazungumzo juu ya mambo haya huwa na pande mbili. Kuna anayesema teknolojia hii ni ya Wazungu na sisi ni watumiaji tu. Kuna anayejibu kwa hasira kwamba Waislamu walivumbua kila kitu miaka 800 iliyopita, kisha anarudi kwenye simu yake. Wote wawili hawajasoma. Toleo hili tumeona tuwaletee maisha ya mtu ambaye jina lake linatajwa sana na kazi yake haisomwi sana: Badi' al-Zaman Abu al-'Izz Ismail ibn al-Razzaz al-Jazari, Allah amrehemu.

JINA NA ZAMA ZAKE

Nisba ya al-Jazari inatokana na al-Jazira, nchi iliyo kati ya sehemu za juu za mito miwili, Tigris na Furati. Sehemu hiyo leo imegawanyika kati ya Uturuki, Syria na Iraq. Badi' al-Zaman ni lakabu, maana yake ajabu ya zama zake. Karibu yote tunayoyajua juu yake yanatoka katika kitabu alichokiandika mwenyewe, naye humo hakujisimulia sana. Alieleza vyombo vyake.

Aliingia katika utumishi wa wafalme wa ukoo wa Artuq mwaka 570 Hijria, sawa na 1174 au 1175 Miladia. Wafalme hao walitawala eneo la Diyarbakir, mji ambao wakati ule uliitwa Amid. Zilikuwa zama za Salahuddin al-Ayyubi. Mwaka 1183 Salahuddin aliuteka Amid na kumpa Nur al-Din Muhammad wa ukoo huo, na miaka minne baadaye akaikomboa Quds. Majeshi yakipita, wafalme wakipokezana, al-Jazari alibaki karakanani. Alimtumikia Nur al-Din, kisha mwanawe Qutb al-Din Sukman, kisha ndugu yake Sukman, Nasir al-Din Mahmud.

Alikuwa fundi wa mikono. Alijua kuyeyusha shaba na kuimimina katika kalibu ya mchanga, kuchonga mbao na kuzigandisha tabaka kwa tabaka zisipinde, na kutoboa tundu kisha kulisawazisha mpaka maji yapite kwa kipimo alichokitaka. Kwa ajili ya kasri la Amid alitengeneza mlango wa shaba uliotiwa nakshi, na katika kitabu chake aliupa nafasi yake pamoja na mashine.

HAKUANZA YEYE

Zaidi ya miaka 300 kabla yake, Baghdad ilikuwa na ndugu watatu, Muhammad, Ahmad na al-Hasan, watoto wa Musa ibn Shakir, wanaojulikana kama Banu Musa. Walilelewa chini ya Khalifa al-Ma'mun, wakaandika kitabu cha vyombo vya hila kufikia katikati ya karne ya 9. Waliacha pia risala juu ya ala inayojipiga yenyewe: zumari linalopulizwa kwa nguvu ya maji, na silinda yenye vigingi inayozunguka taratibu ikifungua na kufunga matundu. Vigingi vikipangwa hivi, unatoka wimbo huu. Vikipangwa vingine, unatoka mwingine. Wanahistoria wengi wa mashine huihesabu kuwa miongoni mwa mashine za kwanza duniani zinazoweza kupangiwa kazi.

Al-Jazari aliwasoma Banu Musa, na aliwasoma Wayunani waliotafsiriwa kwa Kiarabu. Aliwataja waliomtangulia, akachukua lililo jema, na palipokuwa na kasoro akasema pana kasoro. Kuhusu chemchemi za Banu Musa zinazobadilisha umbo la maji, aliona zinabadilika kwa muda mfupi mno, mtazamaji hapati kufurahia, akatengeneza zake zinazokaa muda mrefu zaidi.

JAHAZI LA WAPIGA MUZIKI

Chombo chake kilicho karibu zaidi na skrini tuliyoanza nayo ni jahazi. Lilielea kwenye bwawa la kasri. Juu yake kulikuwa na sanamu za mfalme na watu wake, mabaharia, na wapiga muziki wanne: mmoja wa zumari, mmoja wa kinubi, wawili wa matari. Jahazi lilikaa kimya kwa takribani nusu saa, kisha wapigaji wakaanza, mikono ikipanda na kushuka, zumari likilia. Baada ya muda mfupi wakanyamaza. Nusu saa nyingine, wakaanza tena.

Tutazame ndani. Juu kuna tangi la maji lenye tundu dogo. Maji yanadondoka katika ndoo iliyowekwa kwenye mhimili kwa namna ambayo ikiwa haijajaa inasimama, na ikijaa inapinduka kwa mara moja. Maji yote yanashuka kwa pamoja na kuangukia gurudumu lenye vikombe. Gurudumu linazunguka, na mhimili wake unazunguka nalo. Juu ya mhimili huo kuna vigingi. Kila kigingi kinapopita kinabonyeza ncha ya wenzo, wenzo unainua mkono wa mpiga tari, kigingi kikishapita mkono unaanguka na tari linalia. Maji yakishamaliza kazi hiyo yanaingia katika chumba kilichofungwa, yanasukuma hewa itoke, na hewa hiyo inapita kwenye bomba hadi kwenye filimbi iliyofichwa chini ya mpiga zumari. Hakuna tone lililopotea bure.

Sasa rudi kwenye vikasha vya Pure Data. Tundu dogo ni kikasha kinachohesabu muda. Ndoo inayopinduka ni kikasha kinachotuma ishara hesabu ikitimia. Mhimili wenye vigingi ni orodha ya mapigo: penye kigingi pana sauti, pasipo kigingi pana kimya. Wenzo na mkono ni chombo chenyewe kinacholia. Hata mwelekeo ni uleule, kwa sababu katika Pure Data ishara huingia juu ya kikasha na kutoka chini, kama maji yanavyoshuka.

Hapa lazima tuwe waaminifu. Profesa Noel Sharkey wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, alijenga mfano wa mashine hii na kuonyesha kwamba ukivihamisha vigingi mdundo unabadilika. Tangu hapo imeenea kwamba al-Jazari alikuwa na mashine ya ngoma inayoweza kupangwa upya. Kwamba inawezekana, ni kweli na imejaribiwa. Lakini kitabu chake hakimwelezi mtu anayehamisha vigingi kila usiku ili kubadilisha mdundo. Kinaeleza vigingi vilivyowekwa mahali pake. Wala si haki kusema Max ilizaliwa Diyarbakir. Puckette alikuwa akitatua matatizo ya kompyuta za wakati wake. Tunachoweza kusema bila kuogopa kusutwa ni kwamba wazo la kuuandika mdundo kwa kuupanga mahali, ili mashine iupige yenyewe, lilifanyiwa kazi kwa bidii katika lugha ya Kiarabu, Baghdad na kisha Amid, karne nyingi kabla ya umeme. Hilo linatosha. Halihitaji kuongezewa chumvi.

SAA INAYOBADILIKA KILA SIKU

Kama kuna chombo chake ambacho hakika kilihitaji kupangwa upya kila siku, ni saa kubwa ya kasri. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 3. Kila saa ilipotimia mlango ulifunguka na sanamu ikajitokeza, na mwewe wawili wakadondosha tufe za shaba zilizolia zilipoanguka. Katika nyakati maalumu za mchana, bendi ya watu watano ilipiga: ngoma mbili, tarumbeta mbili na matuazi, zote zikiendeshwa na maji na mhimili.

Ugumu wake sisi wa Kigali hatuuoni upesi. Kwetu jua linachomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, na ndiyo maana hesabu ya Kiswahili ya saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni haitusumbui. Watu wa Amid nao walihesabu saa kumi na mbili tangu kuchomoza hadi kuzama, lakini kwao mchana wa kiangazi unakaribia saa 15 za leo, na wa baridi ni kama saa 9 na nusu tu. Kwa hiyo saa moja yao wakati wa kiangazi ilikuwa zaidi ya dakika 70, na wakati wa baridi chini ya dakika 50. Mashine ilitakiwa ifuate mabadiliko hayo siku kwa siku.

Alipokea kutoka kwa waliotangulia kidhibiti cha maji chenye alama za nyota kumi na mbili za falaki, kikigeuzwa kila siku. Alikijaribu akakuta hakisemi kweli. Waliokitengeneza waligawa alama sawasawa kwa kuonekana tu, na maji hayafuati kinachopendeza macho. Alijaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine, akipima na kurekebisha, mpaka alama zikakaa mahali ambapo maji yenyewe yalizikubali. Katika utangulizi wa kitabu chake alieleza kwamba kila elimu ya sanaa isiyothibitishwa kwa vitendo inabaki katikati ya usahihi na kosa. Kila mwanafunzi aliyewahi kuwasilisha mradi ambao haujawahi kuwashwa anajua maana ya jambo hilo.

MAJI YA UDHU NA KARAMU ZA ULEVI

Ndugu msomaji, hatutaficha jambo moja. Vyombo vilivyomo katika kitabu cha al-Jazari ni 50, na kundi zima la vyombo 10 ni vya karamu za kunywa za wafalme. Jahazi lile la wapiga muziki limo katika kundi hilo. Ndugu wengine wanaoandika juu ya fahari ya Uislamu hulisifu jahazi na kunyamaza juu ya kazi yake. Kunyamaza huko kunamvunjia msomaji heshima, kwa sababu siku atakapofungua kitabu mwenyewe atajiuliza ni mangapi mengine aliyofichwa.

Kundi linalofuata lina vyombo vya udhu na kunawa. Mfalme wake hakupenda mtumishi wala kijakazi amwagilie maji mikononi anapotawadha, akamwomba al-Jazari amtengenezee kitu cha kufanya kazi hiyo, naye akakitengeneza. Kingine ni tausi anayemwaga maji kwa mdomo wake. Maji machafu yakipanda katika beseni, boya linapanda nayo, mlango unafunguka na sanamu inajitokeza na sabuni ya unga. Yakipanda zaidi, ya pili inajitokeza na taulo.

Kisha kuna mashine 5 za kupandisha maji kutoka bondeni au kisimani. Moja ni pampu ya pistoni mbili, moja ikivuta na nyingine ikisukuma, inayoendeshwa na mto wenyewe. Mtu yeyote aliyepandisha jerikani ya maji kwenye kilima cha Kigali atajua hiyo si mashine ya kuchezea.

Mikono ni ileile, tangi ni lilelile, tundu, boya na ndoo ni vilevile. Kimoja kilimwaga maji ya udhu na kingine kiliburudisha walevi. Ufundi haukumchagulia al-Jazari ufanye kazi gani. Mwenye kasri alichagua, naye fundi akakubali. Sisi leo hatuna wafalme wa Artuq, lakini tuna waajiri, wateja na wafadhili, na swali ni lilelile. Ndugu anayepanga mdundo kwenye kompyuta anaweza kuupanga kwa ajili ya dufu la harusi na kaswida, au kwa ajili ya ukumbi ambao asingependa mama yake amkute ndani. Kuhusu ala za muziki wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani. Wengi wamezizuia isipokuwa dufu katika harusi na sikukuu, na wako waliotoa nafasi kwa masharti. Imamu al-Ghazali aliandika kwa kirefu juu ya usikilizaji katika Ihya. Kila mmoja amuulize mwanachuoni anayemwamini. Ila asijidanganye kwamba swali halipo kwa sababu programu haina mawazo.

KITABU

Mfalme Nasir al-Din aliona kwamba mtumishi wake ametengeneza vitu visivyo na mfano, na kwamba siku akifa vitakufa naye. Akamwagiza aandike. Al-Jazari alikuwa ametumikia miaka 25. Alimaliza mwanzoni mwa mwaka 1206, na kwa kawaida wanahistoria huuhesabu mwaka huohuo kuwa ndio aliofariki.

Fikiria alivyoandika. Kwa kila chombo alieleza kwanza kinachoonekana kwa nje, kisha kilichofichwa ndani, kisha namna ya kutengeneza kila kipande na kukiunganisha na kingine, pamoja na vipimo. Alichora michoro ya rangi na kuweka herufi juu ya kila kipande, ili maandishi yakisema herufi fulani jicho lako liende moja kwa moja mahali pake. Mafundi wa zama zile walikuwa na desturi ya kuificha siri ya kazi yao, kwa kuwa siri ndiyo iliyokuwa riziki. Yeye aliiacha wazi.

Matunda yake tunayaona. Nakala iliyoandikwa mwaka uleule wa 1206 imehifadhiwa Istanbul katika maktaba ya Topkapi. Mwaka 1974 Mwingereza Donald Hill, mhandisi aliyejifunza Kiarabu, alitoa tafsiri kamili ya Kiingereza. Mwaka 1976, wakati wa tamasha la ulimwengu wa Uislamu mjini London, saa ya kasri ilijengwa upya kwa kufuata maelezo yake, nayo ikafanya kazi. Mwaka 1979 Ahmad Yusuf al-Hassan alitoa chapa ya Kiarabu mjini Halab. Ndugu zetu wa Mombasa, Unguja na Kigali wanaofanya kazi Dubai wameipita saa yake ya tembo katika jengo la maduka la Ibn Battuta, ambako imejengwa nakala kubwa. Mtu ambaye hatujui hata tarehe aliyozaliwa, mashine zake zinaweza kujengwa leo na yeyote mwenye shaba, maji na subira.

LA KUFANYA

Tunaomba ndugu msomaji ufanye jambo dogo. Pakua Pure Data. Ni bure, na kompyuta ya kawaida inaiweza. Weka kikasha cha kuhesabu muda na orodha ya mapigo manane, kisha ulishe pigo la dufu ulilolirekodi mwenyewe kwa simu. Hamisha mapigo mpaka yakae kama unavyoyasikia katika maulidi ya nyumbani kwenu. Halafu, na hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, andika ulichofanya: ulianza vipi, wapi ulikosea, umerekebishaje. Weka mchoro na majina ya vipande. Mpe anayekuja nyuma yako. Ukifanya hivyo utakuwa umemfuata al-Jazari katika jambo lake bora zaidi, hata kama jahazi lake hutalijenga kamwe.

Allah amrehemu al-Jazari, amsamehe yaliyohitaji kusamehewa, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.